Kuamsha na Kulaza Mitambo ya Mvuke

Kila mwaka, mvua za masika zinapokwisha katika mabonde ya miwa ya Kilombero, Turiani na Arusha Chini, na barabara za mashambani zikakauka hata matrekta yakaweza kupita pasina kuzama, viwanda vya sukari vilivyokaa kimya kwa majuma mengi huanza kutoa moshi tena dohanini; na mpita njia auonaye moshi ule wa kwanza hufurahi, kwa kuwa kwake ni bishara ya vibarua kurudi kazini na sukari kurudi madukani, wala hana habari kwamba ndani ya nyumba ya boila, saa ile ile, wamo watu wachache walioshika kazi yenye hatari kupita takriban kazi zote zitakazofanywa humo mpaka mwisho wa msimu.

Watu wengi hudhani kuwa mitambo ya mvuke huogofya zaidi inaposhika kasi, sakafu inatetemeka, turbini zinavuma, na mtu hasikilizani na mwenziwe ila kwa kupigiana kelele masikioni. Kumbe mtambo uliokwisha pata moto sawasawa, ambao chuma chake chote kimefikia joto lake na maji yake yote yako mahali yanapostahiki kuwa, umo katika hali ya amani kuliko wakati mwingine wowote. Hatari hukaa katika kuvuka, yaani zile saa ambazo baridi inageuka moto na zile ambazo moto unarudi kuwa baridi, kwani hapo ndipo chuma kinaponyooka au kusinyaa, ndipo maji yanapokutwa pasipo pake, na ndipo, jambo lililo baya kuliko yote, watu wanapokuwa na haraka.

Mwezi wa Mei 2024 bomba la mvuke lilipasuka katika kiwanda cha sukari cha Mtibwa, wilaya ya Mvomero mkoani Morogoro, na watu wasiopungua 11 wakapoteza maisha. Wengi wetu tulizisikia habari zile, tukasikitika, tukawaombea dua marehemu, kisha tukaendelea na shughuli zetu. Lakini haifai msiba wa namna ile upite hivi hivi, bila ya watu wa kawaida, ambao ndugu zao na watoto wao hufanya kazi katika nyumba kama zile, kujua mvuke ni kitu gani na unataka nini kwa wale wanaoutumikisha.

Kwanza ijulikane kuwa mvuke halisi hauonekani kwa macho. Tazama birika lichemkapo jikoni: pale mdomoni pake, kabla ya lile wingu jeupe kuanza, pana nafasi ndogo inayoonekana kuwa tupu, hapo ndipo penye mvuke, na lile wingu ni mvuke uliokwisha poa ukawa matone. Kiwandani, mvuke wenye shinikizo kubwa unaovuja katika tundu jembamba husikika kwa mlio tu, na aupitishiaye mkono bila kujua huweza kukatika nyama kabla ya kuhisi kuwa ameungua. Ndiyo maana mafundi wa zamani, wanapotafuta mahali bomba linapovuja, hutanguliza mpini mrefu wa ufagio mbele yao, wala hawapapasi kwa mikono abadan.

Pili, mvuke umebeba harara nyingi kuliko tunavyodhani. Harara inayohitajika kuyageuza maji yanayochemka yawe mvuke ni zaidi ya mara 5 ya ile iliyoyatoa maji hayo hayo katika baridi ya barafu hadi kuchemka, na yote hiyo mvuke huirudisha pale unapogusa kitu cha baridi na kugeuka maji tena. Katika tabia hiyo imo faida yake yote, maana ndivyo unavyochemsha maji ya miwa na kukausha majani ya chai huko Mufindi na Kericho. Na madhara yake yote yamo humo humo, kwa kuwa mwili wa binadamu nao ni kitu cha baridi mbele ya mvuke.

Tatu ni habari ya shinikizo. Maji yaliyo wazi pwani huchemka kwa nyuzi 100 za sentigredi, bali yakifungiwa ndani ya boila mpaka kipimo kikaonyesha bari 10, yaani shinikizo linaloizidi hewa ya kawaida mara 10, hayachemki mpaka yafike kama nyuzi 184. Maji ya namna hiyo yamezuiliwa yasichemke kwa nguvu ya chuma peke yake. Chuma kikipasuka, karibu sehemu 1 katika 6 ya maji yale hugeuka mvuke kufumba na kufumbua, na kila lita hutoa zaidi ya lita 200 za mvuke. Boila iliyosheheni tani 10 za maji, kwa hiyo, haihitaji baruti ndani yake ili kubomoa kuta.

Hayo yalijulikana kwa gharama ya damu tangu mwanzo. Mwaka 1803 Richard Trevithick wa Cornwall, huko Uingereza, ambaye alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuthubutu kutumia mvuke wa shinikizo kubwa, alikuwa na injini yake moja huko Greenwich ikisukuma maji. Kijana aliyekabidhiwa kuitunza aliondoka akaenda kuvua mikunga, akamwachia kibarua mmoja. Na yule kibarua, alipoiona injini inakwenda mbio kupita kawaida, aliisimamisha, ila hakuufungulia mvuke njia ya kutoka, na moto ulikuwa ungali ukiwaka chini yake. Boila ikaripuka, watu 4 wakafa. Tangu hapo Trevithick aliweka vali mbili za usalama badala ya moja, pamoja na kizibo cha risasi katika chuma cha boila, ambacho maji yakipungua hata kikaachwa kitupu huyeyuka na kuuachia mvuke njia. Msomaji azingatie kuwa injini ile haikuua wakati wa kazi. Iliua iliposimamishwa, na mtu ambaye hakuna aliyemfundisha kuwa kusimamisha nako ni kazi.

Miaka 102 baadaye, tarehe 20 Machi 1905, katika mji wa Brockton, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, kiwanda cha viatu kiliwasha boila yake kuukuu iliyokuwa ya akiba, kwa sababu ile mpya ilikuwa katika matengenezo. Boila ile iliripuka asubuhi watu wakiwa wameketi kazini, ikapasua sakafu na paa, jengo likaanguka na kushika moto, na watu 58 wakafa. Kutokana na msiba huo na mingine ya kabla yake, jimbo lile lilitunga kanuni za boila, na chama cha wahandisi wa mitambo wa Marekani kikatoa mwaka 1914 ile kanuni ya ujenzi wa boila ambayo hata leo hufuatwa katika nchi nyingi za dunia, za kwetu zikiwamo.

Sasa tuingie katika nyumba ya boila yenyewe, siku ile ya kwanza.

Kabla ya kiberiti kuwashwa, boila hukaguliwa ndani na nje, na mkaguzi aliyeidhinishwa na serikali huwa ameitia mtihani wa maji ya baridi kwa shinikizo linalozidi lile la kazi, maana maji ya baridi yakipasua kitu hulowesha tu. Hapo fundi huhakikisha kuwa hakuna aliyesahau ndani kitambaa, spana au taa. Kuwa milango ya kuingilia imefungwa na gasketi mpya. Kuwa vali za usalama hazikufungwa kwa waya wala kuongezwa uzito, maovu ambayo yalitendeka sana zamani na ambayo sithubutu kusema yamekwisha. Kisha hujaza maji, nayo yawe yamesafishwa na yasiwe ya baridi sana wala ya moto sana kuliko chuma, mpaka yaonekane chini kidogo ya nusu ya kioo cha kupimia maji, kwa sababu maji yakipata moto yatavimba na kupanda yenyewe. Koki ya hewa iliyo juu kabisa ya boila huachwa wazi. Hewa iliyomo sharti itoke, kwani ikibaki humo itamdanganya mtu kwenye kipimo, ataona shinikizo ambalo si la mvuke, na itakwenda kukaa katika mabomba na kuzuia harara.

Kiwanda cha sukari kina shida yake ya peke yake, nayo ni kwamba aghalabu hujitengenezea umeme wake kwa mvuke ule ule, na kwa hiyo siku ya kuanza hakina mvuke wala umeme, bali pampu za maji na mapanka ya hewa yanahitaji umeme kabla ya mvuke kupatikana. Hapo hutegemea jenereta ya dizeli au umeme wa gridi. Mwenye busara huhakikisha kuwa umeme huo hauwezi kukatika katikati ya safari pasipo na pampu nyingine ya kuyasukuma maji, kwa kuwa tanuri linaloteketeza makapi ya miwa halizimiki kwa kubonyeza kitufe. Moto wa mafuta hufungwa mara moja. Moto wa makapi na kuni hubaki na joto lake katika matofali kwa muda mrefu, na muda wote huo boila inadai maji.

Tanuri nalo hupulizwa hewa tupu kwanza, hasa lile la mafuta au gesi, mpaka hewa iliyomo iwe imebadilishwa walau mara 5, ili gesi yoyote iliyojificha katika pembe zake isingojee cheche. Na moto ukizimika njiani, fundi harudii kuuwasha kwa harara ya matofali. Huanza upya na kupuliza. Jambo hili huchukua dakika chache tu, na watu waliouawa kwa kuzionea uchungu dakika hizo ni wengi.

Moto wenyewe huanza mdogo. Kipimo kinachokubaliwa na mafundi wengi ni kuwa joto la maji lisipande kwa zaidi ya nyuzi 50 hivi kila saa, na matofali mapya au yaliyolowa unyevu wakati wa masika hutaka siku nzima au zaidi ya moto wa pole pole, wa kuni, kabla ya kuongezwa kitu. Kuta nene za chuma hupata moto upande mmoja kabla ya mwingine. Ukiziharakisha, zitavutana zenyewe kwa zenyewe, na ufa hauonekani siku ile. Huonekana mwakani, au mwaka wa tatu, siku ambayo hakuna anayekumbuka nani aliyekuwa zamu. Koki ya hewa inapokuwa imetoa mvuke mtupu kwa nguvu kwa muda, hapo hufungwa, na sindano ya kipimo huanza kupanda kwa haki.

Ningependa msomaji asimame kidogo mbele ya kile kioo cha maji, kwa sababu katika ala zote za boila hakuna ninayoistahi zaidi. Ni kioo kirefu kilichosimama wima mbele ya boila, chenye koki mbili, moja ya juu inayoingiza mvuke na moja ya chini inayoingiza maji, na ya tatu chini yake ya kumwagia nje. Mtu wa zamu aijuaye kazi yake hatosheki kwa kuyaona maji. Hufungua ya kumwagia, maji yakatoka kwa kishindo. Akafunga ya mvuke, akaangalia kama maji yanatoka peke yake kwa nguvu, kuonyesha kuwa njia ya chini haikuzibwa na tope. Akaifunga ya maji na kuifungua ya mvuke, akasikia mvuke nao ukipita kwa nguvu. Halafu akaifunga ya kumwagia na kuifungulia njia ya maji, akakodolea macho kioo. Maji yakirukia juu mara moja na kutulia mahali pake, huwa kioo kimesema kweli. Yakipanda kwa uvivu, kioo kinasema uongo, na boila inayosomwa kwa kioo cha uongo ni jeneza. Kazi yote hiyo ni ya dakika mbili, na hufanywa kila zamu inapopokeana, kwa vioo vyote viwili vya boila, pasina kujali kwamba mwenziwe amekwisha kuifanya.

Na kioo kikionekana kitupu hata baada ya kujaribiwa, ambapo mtu hajui maji yameshuka hadi wapi, basi kitu cha kwanza ambacho mkono hutamani kufanya ndicho kitu cha kuua. Mtu hutamani kuyafungulia maji. Mabomba yaliyokwisha kuwa mekundu kwa ukosefu wa maji, yakimwagiwa maji, yataripuka. Wajibu wake ni kuukata moto, kuzuia hewa na makapi yasiingie tena, kuwaondoa watu, na kuiacha boila ipoe kwa wakati wake, hata kama ni hasara ya siku mbili. Kisha aitwe mkaguzi.

Tumefikia mahali ambapo, kwa maoni yangu, ndipo penye kiini cha kazi nzima, nayo ni kuupeleka mvuke katika mabomba ya kiwanda yaliyo baridi. Fikiri bomba la chuma lenye upana wa milimita 200 na urefu wa mita 100: uzito wake ni zaidi ya tani 4, na kulipasha kutoka joto la kawaida mpaka nyuzi 184 hugeuza mvuke kiasi cha kilo 160 uwe maji, sawa na madebe 8. Madebe hayo yatakuwa ndani ya bomba, yamelala chini, na bomba lenyewe wakati huo huo linarefuka kwa kadiri ya sentimita 19, ndiyo sababu limetengenezewa mapindo makubwa na kuwekwa juu ya vihimili vinavyoteleza. Mvuke katika bomba kuu hukimbia kiasi cha kilomita 100 kwa saa. Ukiachiliwa juu ya maji yaliyolala, huyainua wimbi mpaka yajaze bomba, huyasukuma kwa mwendo huo huo hadi penye kona au vali, na hapo maji, ambayo hayabonyei, hupiga chuma kwa kishindo hata bomba zima huruka. Iko namna nyingine iliyo mbaya zaidi, nayo haihitaji mwendo: kipande cha mvuke kikizungukwa na maji baridi hufa ghafla, nafasi yake ikabaki tupu, na maji ya pande zote yakaikimbilia na kugongana. Mafundi huyaita mambo haya pigo la maji. Vali za chuma cha kusubu zimewahi kupasuka vipande kwa pigo moja.

Tarehe 19 Agosti 1989, katika mtaa wa Gramercy Park mjini New York, ambako mvuke hupitishwa chini ya barabara kuzipasha nyumba moto, mafundi walikuwa wakiurudisha mvuke katika bomba lililokuwa limefungwa kwa matengenezo. Maji yaliyokusanyika humo yakalipasua, watu 3 wakafa, na asbestosi iliyofunika bomba ikatapakaa juu ya majumba. Katika mji huo huo, tarehe 18 Julai 2007, bomba lililozikwa tangu 1924 karibu na Lexington Avenue liliripuka kwa sababu ya aina hiyo: vile vitegeo vinavyotakiwa kuyatoa maji bombani na kuuzuia mvuke vilikuwa vimezibwa na dawa iliyotumika kuziba ufa, maji yakajaa, na barabara ikafunguka hata shimo likameza gari. Mtu 1 alikufa na makumi wakajeruhiwa. Kama haya hutokea katika mji wenye wahandisi na fedha za kadiri ile, hakuna kiwanda cha kwetu kinachoweza kusema kuwa hayakihusu.

Dawa yake haihitaji mashine ya ghali. Koki zote za kutolea maji, kila mahali bomba linaposhuka, kila penye vali, kila mwisho wa njia, hufunguliwa kabla ya mvuke kupita; ile vali kubwa huachwa imefungwa, na mvuke hupitishwa kwanza katika vali ndogo ya pembeni. Fundi huigeuza kidogo, akaacha, akatega sikio. Bomba hulia taratibu linaporefuka, na koki humwaga maji, kwanza meusi yenye kutu, kisha masafi, kisha maji na mvuke vikichanganyika kwa kutemana. Kijana anayemsaidia huona saa zinakwenda, akauliza kama sasa wafungue, naye mzee humjibu bila kugeuka, "Bado, mwanangu." Likitokea pigo moja, hata dogo, la kama mtu anayegonga chuma kwa mbali, vali ile hurudishwa mara moja na hakuna anayeguswa na aibu kwa hilo. Mpaka kila koki itoe mvuke mkavu, na vipimo vya pande zote mbili za vali kubwa visomeke sawa, ndipo ile vali kubwa huguswa, nayo hufunguliwa robo kwa robo. Turbini nazo zina adabu zake za kupashwa moto huku zikizungushwa pole pole zisipinde, lakini hizo ni habari za siku nyingine.

Kuzima hudharauliwa zaidi, maana msimu umekwisha, watu wamechoka na wengine wamekwisha kufunga mizigo ya safari. Kazi ya mvuke hupunguzwa kidogo kidogo, makapi yakasitishwa, na moto ukaachwa ule kilichomo. Lakini kwa kuwa matofali yangali na moto, boila huendelea kuzalisha mvuke baada ya moto kuonekana umekufa, na kwa hiyo njia ya mvuke haifungwi kwa haraka wala pampu ya maji haiachwi. Mabomba nayo hufunguliwa koki zake, vinginevyo mvuke uliobaki humo utageuka maji na kulala, ukimngojea mtu wa msimu ujao. Maji ya boila hayamwagwi yakiwa ya moto, kwa kuwa tope lililomo litakaukia juu ya chuma mithili ya saruji.

Shinikizo linaposhuka mpaka karibu na bari 1 au 2, koki ya hewa hufunguliwa, na sababu yake ni ile tabia ya maji kuvimba yageukapo mvuke, ikisomwa kinyume: mvuke uliohitaji nafasi mara 1,600 ya ile ya maji yake, unaporudi kuwa maji huacha utupu, na hewa ya nje hukandamiza kila mita moja ya mraba kwa uzito wa tani 10. Ngoma nene ya boila huenda ikastahimili. Vyombo vyembamba vya kiwandani, kama yale matangi ya kuchemshia maji ya miwa, hukunjwa.

Kisha huja zamu ya mtu kuingia ndani, na hapa naomba msomaji anisikilize sana. Mahali penye boila mbili au tatu zinazopeleka mvuke katika bomba moja, boila iliyozimwa haijatengwa kwa kufungwa vali moja, kwa sababu vali huvuja, na kwa sababu mtu asiyejua huweza kuifungua. Panatakiwa vali mbili zilizofungwa, na kati yao koki iliyo wazi inayotoa nje chochote kitakachopenya, au kibamba cha chuma kilichofungiwa ndani ya maungio ya bomba. Na juu ya kila vali kufuli, na ufunguo mfukoni mwa yule yule anayeingia. Ile njia ya chini ya kutolea tope ni ya kuhadhariwa zaidi, kwani boila jirani ikitolewa tope lake, maji ya moto huweza kurudi kwa njia hiyo na kumwunguza aliye ndani. Kwa ajili hiyo wakubwa wa kazi hii waliweka desturi ya kuwa na ufunguo mmoja tu wa koki hizo kwa boila zote, ambao hauchomoki mpaka koki iwe imefungwa. Hewa hupimwa, taa huwa za umeme wa volti ndogo, na nje hubaki mtu asiye na kazi nyingine ila kumwangalia mwenziwe.

Boila itakayolala muda mfupi hujazwa maji pomoni, yenye dawa ya kuondoa oksijeni. Itakayolala masika yote hukaushwa na kutiwa sinia za chokaa isiyozimwa, inayokunywa unyevu. Kutu ya majuma manane ya uzembe huweza kula chuma kuliko kazi ya msimu mzima.

Julai 2017, katika wilaya ya Gazipur nchini Bangladesh, boila ya kiwanda cha nguo iliripuka wakati kiwanda kikijiandaa kufunguliwa baada ya likizo ya Idi, na watu zaidi ya 10 wakafa. Nikiyatazama mambo haya yote kwa pamoja, Greenwich, Brockton, New York na Gazipur, naona kuwa mara nyingi wakati uliowaua watu ulikuwa ule wa kugeuza hali, na naona pia kuwa elimu ya kuwaokoa ilikwisha kupatikana zamani. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, Kenya inayo yake ya 2007, na zote mbili zimeweka wakaguzi wa kuzitazama boila. Ila mkaguzi huja kwa siku zake, na ile saa ambayo mkono umeshika vali huwa hayupo.

Aliyepo ni mtu wa zamu, na nyuma yake yupo meneja, na nyuma ya meneja iko miwa. Muwa ukisha katwa huanza kupoteza sukari yake siku ile ile. Malori yakipanga foleni mlangoni yakiwa yamesheheni, kila saa ya kungojea ni fedha inayooza mbele ya macho ya watu, na hapo ndipo sauti huanza kupanda na simu kupigwa katika nyumba ya boila. Fundi aliyesimama peke yake mbele ya foleni ile, mwenye mshahara mdogo na watoto wa shule, si haki kumtaka awe shujaa.

Basi rai yangu kwa wenye viwanda ni hii, nao wanaweza kuitimiza msimu huu huu bila ya kununua kitu: panga lisishikwe shambani mpaka nyumba ya boila imeleta habari kwa maandishi kwamba mvuke umefika mwisho wa mabomba na koki zote zinatoa mvuke mkavu, na habari hiyo itiwe saini na mtu wa zamu mwenyewe, wala pasiwe na mkubwa mwenye mamlaka ya kuitia saini badala yake.